Nyati wa Ukingoni

Nilimpata asubuhi ya soko, Newala,
ndani ya kopo la mauzo ya ming'oko.
Mia tano kama mia tano nyingine,
ila nyati wake alikuwa ameteleza:
mwili upo, mkia upo,
kichwa kimetoka nje ya ukingo
kana kwamba kachungulia upande wa pili
akaona bora kibaki huko.

Nani kanipa? Sikumbuki.
Wateja wa ming'oko hawana sura,
wana mikono na haraka.

Somoe Nandonde, jirani yangu wa meza, akasema:
"Usiishike tena kwa vidole vya chumvi.
Masasi kuna mtu aliuza ya namna hiyo
akaezeka bati nyumba nzima."
Adhuhuri yule mtu alikuwa wa Lindi.
Jioni alikuwa wa Mtwara mjini,
ana pikipiki mbili na mke wa pili.
Bei ilipanda kama bei ya korosho redioni:
wewe unaisikia, gunia lako haliisikii.

Kesho yake watu wakaja na zao.
Yenye tundu, iliyovaliwa shingoni na mtoto wa degedege.
Nyeusi, iliyolala msimu mzima kwenye mafuta ya maganda ya korosho.
Iliyopindwa na lori la saruji.
Bakiri alileta hamsini ya kifaru, imeungua
siku ilipoungua nyumba ya mama yake.
Hakuiweka mezani kama wengine.
Aliishika tu.

Tukaenda kwa Likwata, fundi saa wa stendi,
maana ndiye mwenye kioo cha jichoni.
Alizigeuza moja moja, kimya,
kisha akazitenga.
"Hizi zimeumia njiani.
Tundu, moto, lori, hayo ni ya dunia,
hakuna anayeyalipia.
Hii yako imezaliwa hivyo,
kosa la mashine, mama yake.
Kama yupo anayenunua, atanunua hii.
Kama yupo."

Nikaifunga ile "kama yupo"
kwenye pindo la khanga, pamoja na sarafu.

Usiku sikulala vizuri, wala si kwa furaha.
Mbona kilema cha kuzaliwa kina bei
na jeraha halina?
Mbona aliyekosewa kabla hajashikwa na mtu
aitwe adimu,
na aliyepita motoni, namba yake bado inasomeka,
aitwe chakavu?
Mimi nina kovu la muo hapa, chini ya kidole gumba,
nimezika waume wawili,
na ukinigeuza bado nasomeka.

Siku ya tano maji yakatoka.
Newala maji yakitoka
hata ugomvi unaahirishwa.
Niliporudi sokoni ndoo zote zilikuwa zimejaa,
na sufuria, na beseni, na kopo la mswaki.
Dadi, mwanangu, analowa jasho na fahari:
"Mama, nilikosa hela,
nikachukua ile ya kwenye khanga."

Nilikaa chini.
Nikachota kikombe, nikanywa, nikachota kingine.
Kioskini walimpokea nyati bila kumtazama.
Mia tano, ndoo kumi,
na hakuna ndoo iliyopungua hata kidogo
kwa ajili ya kichwa kilichokosekana.

Somoe anasema sasa iko Masasi. Somoe!
Mimi kila mia tano inayonijia
naipapasa kwanza ukingo, gizani, ndani ya kopo.

Juzi Bakiri alipita mezani kwangu.
Nikamwambia, nipe ile hamsini yako iliyoungua,
nikupe mia mbili.
Akakataa.
Nikaongeza fungu la ming'oko, la moto, na pilipili.
Akaketi, akala fungu lote,
akafuta mikono kwenye suruali,
akakataa.